Taa Inawaka, Motokari Haiwaki

Masomo ya juma: Mathayo 5:23–24 na Matendo 6:1–7

Asubuhi za mwezi wa saba hapa Kolwezi zina baridi ambayo mgeni haitegemei. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kiangazi hauna wingu la kuufunika, na kabla jua halijapanda dereva wa teksi huwa amejikunyata ndani ya koti. Anageuza ufunguo nusu. Taa za dashibodi zinawaka zote, redio inashika pale ilipoachia jana, taa za mbele zinamulika ukuta wa jirani. Anaumalizia ufunguo. Tak! Basi. Anarudia: tak! Taa zinafifia, zinarudi, na redio inaimba tena kana kwamba motokari haina shida yoyote.

Hiyo redio ndiyo inayompoteza dereva. Kwa kuwa inaimba, anaamini umeme upo na ubovu uko mbali, ndani ya injini. Mwenzake anamwambia betri imekufa, atafute fedha anunue mpya. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Wapendwa, naomba juma hili tukae na kosa hilo, kwa sababu Bwana wetu alipokuwa mlimani alisema juu ya sadaka jambo linalolingana nalo, nasi tumezoea kulipita haraka tukielekea maneno yanayopendeza zaidi.

Betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi. Umeme wake hutoka kwenye kichwa cha betri, huingia kwenye kibanio, hufuata waya mnene hadi kwenye stata, ile ambayo mafundi wa kwetu huiita demareri, kisha hurudi kupitia chuma cha injini na bodi ya gari hadi kichwa cha pili. Katika njia hiyo kuna mahali pengi ambapo chuma kinagusana na chuma, na kila mahali pa kugusana panaweza kulegea, kushika kutu au kuingia vumbi. Tuseme pamelegea mahali pamoja tu, kiasi cha kuleta ukinzani wa omu 0.04. Ni kidogo mno, hata mita ya kawaida ya fundi haiwezi kuupima sawasawa. Taa na redio zikivuta ampea 10, zinazopotea hapo ni volti 0.4, na jicho halioni tofauti. Lakini stata inataka ampea 100 na zaidi, na asubuhi ya baridi inataka nyingi kuliko kawaida kwa sababu oili imekuwa nzito. Ampea 100 zikipita mahali pale palipolegea, volti 4 zinaishia hapo hapo na kugeuka joto. Kinachofika kwenye stata hakitoshi kugeuza injini. Muunganisho mbovu unaweza kubeba kazi ndogo miezi mingi bila mtu kujua, na siku ya mzigo mkubwa ndiyo siku unapojulikana.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi haanzi kwa kuuza kitu. Anafungua boneti, anakishika kibanio kwa vidole na kujaribu kukizungusha. Kikizunguka, hata kidogo, amekwisha kupata pa kuanzia. Kikikataa, anamwomba dereva ageuze ufunguo mara mbili tatu, halafu anavigusa vibanio kwa tahadhari: kilichopata moto kuliko mwenzake ndicho kinachokula umeme. Akiwa na mita, anaweka ncha moja juu ya kichwa cha betri chenyewe, nyingine juu ya kibanio kinachokishika, kisha ufunguo unageuzwa. Kati ya vyuma viwili vinavyogusana vizuri mita husoma karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, ugonjwa umeonekana. Nawaomba mwangalie kwamba kipimo hiki kinafanyika stata ikiwa inavuta. Ukipima gari likiwa limepumzika, mita itakuambia kila kitu ni kizima.

Halafu inakuja kazi yenyewe, ambayo haina heshima machoni pa watu. Anafungua kwanza upande wa hasi, ule wa masi, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche, chanya inafuata. Anamwagia maji ya moto yenye magadi soda, povu linapanda. Anasugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kinang'aa, anakausha, anarudisha chanya kwanza na masi mwisho, anakaza, anapaka grisi juu ili unyevu usiingie. Hajaongeza umeme wowote ndani ya betri. Ule uliokuwemo tangu jana sasa unafika.

Kwetu kazi hii ni ya mara kwa mara. Barabara za udongo zinalitikisa gari mpaka nati zinajifungua zenyewe. Vumbi jekundu la kiangazi linaingia kila tundu. Na yako magari yaliyoagizwa yakiwa na usukani wa kulia, yakahamishiwa usukani kushoto, nyaya za dashibodi zikakatwa na kusokotwa upya kwa mkono na utepe. Mafundi wetu wamesoma shule ngumu, na ninawaheshimu sana.

Kuna jambo kwenye kibanio kichafu ambalo mtu wa Lualaba hawezi kulitazama bila kutafakari. Ukoko ule wa kijani na buluu ni shaba iliyoliwa na asidi ya betri ikageuka chumvi. Wazee wetu waliitambua shaba kwa rangi iliyo karibu na hiyo: kijani cha malakiti kwenye mgongo wa kilima kiliwaambia, zamani kabla ya Mbelgiji yeyote kufika, kwamba hapa pana madini, nao wakachimba na kuyeyusha. Kutoka jiwe lile la kijani hadi bamba la shaba safi ya asilimia 99.99 kuna kazi nzito ya kusaga, ya asidi na ya umeme, na malori yanayopanga foleni kuelekea Kasumbalesa yamebeba matokeo ya kazi hiyo. Shaba hiyo hiyo iliyokwisha kusafishwa, ikiachwa karibu na asidi bila mtu wa kuitunza, inaanza safari ya kurudi kuwa chumvi, na chumvi ile kavu haipitishi umeme. Hakuna aliyeiharibu. Iliachwa tu.

Nimewaona ndugu wakifikia hali hiyo. Hawakupigana. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Mmoja hakuja kwenye kilio cha mama mkwe wa mwenzake, akaona haya kueleza; mwingine alikopesha fedha, hazikurudi, akaona haya kuzidai. Ukoko ukaanza. Sasa wanasalimiana kwa adabu mlangoni mwa kanisa, wanaimba wimbo mmoja, wanapeana mkono wa amani. Taa inawaka.

Turudi mlimani. Bwana anatuonyesha mtu aliyekwisha kufika madhabahuni, sadaka iko mkononi, na hapo hapo anakumbuka kwamba kuna ndugu mwenye kinyongo naye. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane na ndugu huyo, kisha arudi aitoe. Walioketi kumsikiliza wengi walikuwa Wagalilaya. Madhabahu yao ilikuwa Yerusalemu, na kutoka Galilaya hadi Yerusalemu ni kama kilomita 120, mwendo wa siku tatu hivi kwa miguu. Ni kama kutoka Likasi hadi Lubumbashi. Mfikirie mtu wa Likasi aliyetembea hadi Lubumbashi akiwa na mwanakondoo, amepanga mstari, zamu yake imefika, anaambiwa: mfunge hapo, rudi Likasi ukapatane na shemeji yako, kisha tembea tena uje. Waliosikia maneno yale mlimani waliujua umbali huo kwa nyayo zao. Kwa hesabu ya Bwana, muunganisho kati ya mtu na ndugu yake unastahili siku sita za barabara.

Na tuangalie ni nani anayetumwa. Aliye na kinyongo hatajwi kwamba ainuke. Anayeinuka ni yule aliyekumbuka kwamba mwenzake ana jambo juu yake. Bwana hasemi kama jambo hilo ni la haki au si la haki. Sisi tungependa lichunguzwe kwanza, tuitishe wazee, tupime nani alianza. Yeye anataka safari ianze kabla ya hesabu. Naamini anafanya hivyo kwa sababu anajua kinachokuja mbele ya madhabahu: pale ndipo mtu anapoomba nguvu ya kweli, ya kusamehewa, ya kuvumilia msiba, ya kuacha pombe, ya kusimama bila kuvunjika. Kuomba nguvu kubwa kiasi hicho huku muunganisho umeoza ni kumfanya mtu aamini kwamba Mungu hana nguvu. Wangapi wametoka kwetu wakisema wameomba na hawakujibiwa, kumbe jibu lilikwama katika ndugu wawili waliopaswa kulibeba hadi mlangoni kwao na hawazungumzi!

Kanisa la kwanza lilipata kipimo hiki mapema. Walipokuwa wachache pale Yerusalemu, walikula pamoja na furaha ikawatosha. Idadi ilipoongezeka, Luka anaandika, manung'uniko yakatokea: wajane wa upande wa waliosema Kiyunani walikuwa wakipitwa katika mgawo wa kila siku. Sidhani kwamba ufa huo ulianza siku ile. Ulikuwapo tangu mwanzo, kati ya wenyeji na waliotoka mbali, kati ya lugha na lugha. Mzigo ulipozidi ndipo ukaonekana. Mitume wangeweza kuhubiri juu ya subira, na sisi viongozi tunaujua vizuri utamu wa hubiri hilo. Wao waliita mkutano. Walichaguliwa watu saba, Stefano, Filipo na wenzao, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Kazi ya kurekebisha iliwekwa mikononi mwa upande uleule uliopitwa. Msomaji wa Biblia anaweza kuusoma mlango huo miaka mingi bila kuona ujasiri ulioko katika orodha ya majina tu.

Sisi wa Kolwezi tunajua kupitwa kulivyo. Mwaka 1982 ilikamilika njia ya umeme kutoka Inga hadi hapa kwetu, kilomita 1,700 hivi, ambayo wakati huo ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote za aina yake duniani. Ilijengwa ili viwanda vya shaba vipate nguvu. Umeme wake ni wa aina ambayo haiteremshwi njiani bila kituo kikubwa cha kuugeuza, na kituo cha upande huu kiko Kolwezi. Basi ukapita juu ya vijiji na vijiji, juu ya paa za nyasi za watu ambao usiku waliwasha koroboi chini ya nyaya zile. Miaka ilipoendelea, vyuma vya nguzo vilianza kufunguliwa na kuchukuliwa. Wizi ni wizi, sitauhalalisha. Lakini tulitaka nini kutoka kwa mtu ambaye mstari ule haukumgusa hata siku moja? Aulinde kwa ajili ya nani? Hata hapa mwisho wa mstari, mitaa mingi hukaa gizani jioni wakati mitambo inanguruma ng'ambo ya uzio.

Niseme wazi kwamba kanisa letu nalo lina watu wanaoishi chini ya nyaya. Mjane wa mchimbaji aliyefukiwa na shimo, mume ambaye jina lake halikuandikwa na kampuni yoyote. Msichana anayeosha mawe mtoni na kufika ibadani amechelewa, mikono imepauka. Mlinzi wa usiku ambaye Jumapili ndiyo saa yake ya kulala. Neno linapita juu yao kwa sauti kubwa kila juma. Je, linateremka wapi?

Familia hupimwa kwa njia hiyo hiyo, na mara nyingi kipimo chenyewe ni fedha. Wakazi wa Kasulo wanakumbuka mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba zao wenyewe. Mashimo yalichimbwa uani, jikoni, chini ya vitanda, na njia za chini kwa chini zikaingia kwa jirani bila hodi. Mwaka 2017 watu walianza kuhamishwa, fidia ikatoka. Kabla ya kobalti, ndugu wa nyumba moja waligawana unga wa bukari na kucheka. Waliogawana fidia bila kugombana, na wapo, naomba wawafundishe wengine walivyofanya, kwa sababu walikuwa na jambo ambalo halikuanza siku ya kuhesabu noti.

Lipo jeraha jingine, na najua wengi mngependa nisilitaje. Mwaka 1992 kule Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Walikuwa wamezaliwa hapa, baba zao waliletwa kufanya kazi katika migodi na reli, walikuwa walimu wetu na makarani wetu. Walitolewa majumbani, maelfu wakalala kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa pale na njiani, watoto wakiwa wa kwanza. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wamepokea mkate mmoja chini ya paa moja. Kwa miaka mingi kila Jumapili ilipita vizuri: nyimbo, sadaka, matangazo, mkono wa amani. Siasa ilipogeuza ufunguo hadi mwisho, katika nyumba nyingi kilichosikika ni ile sauti moja kavu, na baada yake hakuna kitu. Wako waliowaficha jirani zao chini ya vitanda na kuwapelekea maji stesheni usiku. Mungu anawajua, na wazee miongoni mwetu wanawajua. Kwao muunganisho ulishika. Ningependa vijana wakawaulize wazee hao waliishije na jirani zao kabla ya 1992, kwa maana hakuna anayeanza kumpenda jirani usiku ule ambao umati umesimama mlangoni. Leo maneno yale ya zamani, ya nani ni mtoto wa nchi na nani alikuja, yanasikika tena sokoni na kwenye simu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Afadhali tupime sasa.

Naujua mtindo wetu wa kukwepa kipimo hicho. Gari likikataa, vijana sita wanaitwa wanasukuma, dereva anaachia klachi, injini inanguruma, watu wanapiga makofi. Linatembea kweli. Stata haikutumika kabisa, kwa hiyo ubovu haukuguswa, na kesho asubuhi vijana sita wataitwa tena. Mikesha yetu ya maombi naipenda na nitaendelea kuiitisha. Hata hivyo nimeona watu wanaosukumwa kutoka mkesha hadi mkesha, kutoka kwa mhubiri mgeni hadi mhubiri mgeni, wanawaka usiku ule na Jumatatu wamezima, na tangu mwaka huu uanze hakuna aliyewauliza wanaendeleaje na ndugu zao wa damu. Kusukuma ni msaada wa siku moja. Mchungaji anayekufanya utegemee kusukumwa, hata kama anakupenda, anakuchelewesha.

Mtindo wa pili ni kununua betri. Kolwezi ina makanisa mengi, na mtu aliyekwaruzana na mwenzake katika kwaya anaweza kuhama Jumapili inayofuata bila hata kubadilisha njia ya kwenda sokoni. Anafika kule, kila kitu kinang'aa, anapokelewa kwa shangwe. Lakini kibanio chake ni kile kile. Amekuja nacho, na betri mpya itafungwa juu ya ukoko wa zamani. Sisi wachungaji tunaofurahia washiriki waliohama bila kuwauliza wamemwacha nani nyuma na kwa neno gani, tunauza betri kwa watu waliohitaji msasa.

Nimetaja masi mara kadhaa na sasa ningependa kukaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Dereva akitafuta ubovu, anaangalia waya mwekundu. Ule mwekundu unaonekana una kazi: unapeleka. Waya mweusi unaofungwa kwenye bodi, mara nyingi kwa bolti moja iliyojificha chini ya betri, juu ya rangi na kutu, anaupita. Umeme hauendi usipokuwa na njia ya kurudi. Masi ikilegea, hata chanya iwe mpya na imekazwa namna gani, stata haitageuka. Mafundi wanajua kwamba magari mengi yaliyobadilishiwa betri, halafu stata, halafu swichi ya ufunguo, yaliponea kwenye bolti ile moja.

Katika makanisa yetu upande wa kupeleka ni imara. Tunahubiri, tunatangaza, tunafundisha, tunaonya, sasa tuna na vipaza sauti. Je, neno linarudi kwa njia gani? Mama anayeuza mihogo akiwa na swali juu ya hubiri langu, analileta wapi? Kijana akiona mhazini amekosea, anamwambia nani bila kuitwa mwasi? Nyumbani pia: baba anapeleka amri, fedha na ushauri, na watoto wanajua kwamba hakuna kinachorudi kwake isipokuwa ndiyo, papa. Nyumba hiyo itaonekana nzima mpaka siku binti ana jambo zito la kusema, na hana njia. Mitume katika Matendo 6 walikuwa na sababu nyingi za kuyaona manung'uniko kuwa fujo. Waliyapokea. Manung'uniko ya wajane wale yalikuwa umeme unaorudi, na bila hayo kanisa la Yerusalemu lingebaki linawaka taa tu.

Yapo mambo mawili ambayo lazima niyaseme ili mtu asiumizwe na tafakari hii. Kuna betri ambazo kweli zimekwisha. Umekaza, umesafisha, umefuata waya hadi bodi, na bado hakuna kitu, kwa sababu ndani hamna kitu. Mama aliyezika watoto wawili, baba ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la mgodi, kijana ambaye halali usiku: tusiwaendee na spana tukiwaambia wachunguze uhusiano wao. Wanahitaji kuchajiwa, na hilo linachukua muda, chakula, daktari, na mtu wa kukaa nao bila maneno mengi. Na kuna waya ambao umeungua mpaka mpira umeyeyuka. Fundi haukazi, anaukata, kwa sababu ukikazwa utachoma gari lote. Mwanamke anayepigwa nyumbani hatumwi na Mathayo 5 arudi kwenye ngumi. Aliyetumwa pale ni mwenye kudaiwa, ambaye katika nyumba hiyo ni yule anayepiga, na safari yake inaanza kwa kukiri mbele ya watu wanaoweza kumzuia.

Kwa sisi wengine, kazi ya juma ni ya kawaida sana. Jina unalijua. Lilikuja kichwani tangu aya za mwanzo, na umekuwa ukilisukuma kando. Nenda mwenyewe kabla ya kutuma mtu, kwa sababu anayetumwa hubeba neno lako na kuongeza lake. Ukifika, usianze kwa kujieleza. Mwulize ana jambo gani nawe, na amalize kulisema. Huenda likawa dogo kuliko ulivyodhani, au kubwa kuliko unavyoweza kulibeba siku ile; yote mawili yanawezekana, na hujashindwa kama hamkumaliza kwa mazungumzo mamoja. Ukoko wa miaka hautoki kwa kusugua mara moja. Ukiwa na deni, peleka hata sehemu yake, kisha mkubaliane juu ya zilizobaki.

Ili amri ya Bwana isibaki maneno, nimezungumza na wazee wa kanisa, nao wamekubali. Jumapili hii sadaka haitapokelewa katikati ya ibada kama tulivyozoea. Itapokelewa mwisho kabisa, baada ya kimya cha nusu saa kufuatia mahubiri. Ndugu yako akiwa yumo ndani, mfuate alipoketi. Akiwa nje, Dilala au upande wa Manika, vijana wenye pikipiki watakuwa getini kuwapeleka wazee na akina mama bila malipo. Weka bahasha yako mbele, uandike jina lako juu yake, uende. Usipowahi kurudi, itakungoja hadi Jumapili inayofuata, na mhazini ameagizwa asiifungue.